Muulize Dizaina: Kwa nini naanza na muziki nisioujua

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba kabla sijafungua laptopu kuanza kazi mpya natafuta kwanza muziki ambao sijawahi kuusikia, nauskiliza mpaka mwisho, ndo nashika penseli. Basi karibu maswali yote yaliyokuja yakawa ya hapo hapo. Nimeona ukurasa wa mwezi huu tuupe hilo jambo peke yake, habari za bei ya logo tutazirudia.

Shikamoo dada. Mi nikipata kazi naingia Pinterest naangalia wenzangu wamefanyaje, nachukua huku kidogo na kule kidogo, kazi inatoka na mteja analipa. Sasa muziki na mfuko wa mbegu vinaingilianaje? (Dizaina mchanga, Mbeya)

Marahaba mdogo wangu. Umetaja mfuko wa mbegu sijui umejuaje, maana kazi iliyonifundisha haya yote ilikuwa ya mifuko ya mbegu za mahindi. Miaka ile nilikuwa nafanya hivyo hivyo unavyofanya wewe. Nikatengeneza mfuko, nikauprinti, nikampelekea mteja, akauweka mezani pembeni ya mifuko mingine mitatu ya watu anaoshindana nao sokoni. Yote minne ilikuwa na hindi la njano limemenywa nusu, jua linachomoza nyuma, majani kushoto na kulia. Hakusema kitu, alinitazama tu, na mimi nikaelewa. Ukienda kuangalia wenzako wamefanyaje ujue na wao wanaangalia hapo hapo unapoangalia wewe, ndo maana tunakutana wote kwenye hindi moja.

Jioni ile nikafungulia marehemu Hukwe Zawose, yule mzee wa Kigogo aliyeishi Bagamoyo. Jina lake nilikuwa nalisikia toka niko mdogo ila sikuwahi kukaa chini nikamskiliza. Ilimba, ile ala yake, inaanza, vile vyuma vinabonyezwa na vidole gumba, mwendo mmoja unajirudia unajirudia, halafu unaingia mwendo wa pili mahali ambapo wewe hukuutegemea, mapema kidogo, na sauti yake inakuja juu kabisa, nyembamba. Mkono ukaanza kuchora wenyewe vijistari vifupi nyuma ya bahasha, vitatu, pengo, vitano, pengo, vitatu tena. Nikaja kuitazama ile bahasha nikaona punje kwenye gunzi. Hivyo ndivyo mfuko ulivyozaliwa, hamna hindi, hamna jua, ni safu za punje tu zinauzunguka mfuko mzima na jina la mbegu limekaa kwenye pengo.

Utaniuliza kwa nini muziki mgeni na sio ule ninaoupenda. Nimeliwaza sana hili. Nyimbo unayoijua imeshakuja na picha zake. Kuna nyimbo zilikuwa zinapigwa sana mwaka niliomaliza form four, zikilia tu naona bweni, naona kandambili za bluu mlangoni, naona rafiki yangu anasukwa nywele huku anasoma kemia, yaani nafasi yote imejaa, mi kama dizaina sina pa kuweka kitu changu. Nyimbo ngeni inakuja haina hata picha moja. Masikio yanauliza hiki nini, macho nayo yanaanza kutafuta, na kile yanachokishika sio cha Pinterest, kimetoka kwako. Jaribu na kazi moja tu halafu uniandikie tena.

Habari dada. Mi mpiga picha, siku hizi naletewa na kazi za kava. Kuna msanii mmoja kanilipa nusu ila muziki wake kwa kweli siupendi. Nimrudishie hela yake? (Kigamboni)

Usirudishe kwanza. Kuna watu wawili nataka uwajue, na kila mmoja atakujibu tofauti.

Wa kwanza ni Reid Miles wa New York, aliyekuwa anatengeneza kava za lebo ya jazi ya Blue Note toka miaka ya 50 katikati mpaka 1967, kava karibu 500. Herufi kubwa zinaruka, zinasimama, zinabanana kama wapigaji kwenye jukwaa dogo, picha imekatwa mpaka umebakiwa na kipande cha uso na mdomo wa tarumbeta, rangi mara nyingi moja au mbili tu. Ukiziona unasikia saksafoni kabla hujaweka santuri. Na huyu mtu jazi haikuwa muziki wake! Alikuwa anapenda klasiki, santuri za Blue Note alizokuwa anapewa anazigawa. Nilipolijua hili mara ya kwanza liliniuma kwa sababu lilikuwa linavunja kila ninachokiamini. Lakini ukichimba unakuta kulikuwa na Alfred Lion mwenye lebo, yeye ndo alikuwa anamweleza kila rekodi ina hali gani, na picha zilikuwa zinapigwa na Francis Wolff, rekodi ikiwa inaendelea, wanamuziki wanatokwa na jasho. Kwa hiyo nyuma yake kulikuwa na watu wawili wenye masikio, yeye akaleta macho.

Wa pili ni Lemi Ghariokwu wa Lagos, alijifundisha mwenyewe kuchora, akaanza kumfanyia mwanamuziki Fela Kuti kava mwaka 1974 akiwa hajatimiza hata miaka 20, akafikisha kava 26. Lemi alikuwa anaishi ndani ya ule muziki, yuko pale pale kwa Fela nyimbo zikiwa bado zinatungwa, na kava zake zimejaa watu kama soko la Jumamosi, askari huku, mama kule, kila mmoja na jambo lake, unaisoma kama gazeti. Na hakuwa anachora maneno ya Fela tu, alikuwa anaongeza na maoni yake mwenyewe juu ya ile nyimbo.

Mimi niko upande wa Lemi, sifichi. Lakini Miles amenifundisha kwamba kinachohitajika ni lazima mtu fulani kwenye ile kazi awe ameskiliza kweli kweli, na kama wewe huna Alfred Lion wa kukuelezea basi huyo mtu ni wewe. Skiliza mara tatu. Ya kwanza usifanye kitu. Ya pili fuata besi na ngoma tu, maneno yaache yapite. Ya tatu fuata maneno. Utakuta kitu kimoja, hata kama ni namna anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio, basi shika hicho hicho, kava itatokea hapo. Ukimaliza mara tatu na hujakuta hata kimoja hapo ndo umrudishie hela, kwa heshima, na umwelekeze kwa mwenzako.

Za kazi mwanangu. Kijana wangu kamaliza chuo anasema yeye dizaina, anashinda na hedifoni masikioni toka asubuhi, nikimuuliza anasema yuko kazini. Ni kweli au ananizuga? (Mama, Tabata)

Shikamoo mama. Inawezekana kabisa yuko kazini. Muombe akuonyeshe alichochora leo wakati muziki unapiga, kama kuna karatasi, hata kama michoro yenyewe haieleweki, muache. Kama hamna karatasi basi anajiburudisha tu kama vijana wengine na anaweza akakusaidia kazi huku anaskiliza. Ila sauti ya hizo hedifoni mama mkazanie aipunguze, nina wenzangu wawili wa umri wangu masikio yanalia usiku kucha mpaka usingizi hawapati, na hilo jambo likishaingia kulitoa ni shida.

Dada mi napenda sana muziki mpya ila kila apu ninayofungua inaniletea wale wale watano. Na bando lenyewe la kuunga unga. Wewe unautolea wapi? (Arusha)

Apu inakupa kinachofanana na ulichokipenda jana, hiyo ndo kazi iliyotengenezewa. Wewe unatafuta kisichofanana, kwa hiyo lazima utoke nje yake kidogo.

Mi nafuata uzi. Nachukua nyimbo moja naanza kuuliza hiki kilichomo ndani kimetoka wapi. Uzi wangu mrefu kuliko wote ulianzia kwenye singeli, mwaka 2017 ile lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mkusanyiko wa maprodyuza wa studio ya Sisso pale Mburahati. Mburahati hapa hapa Dar, nimepita mara ngapi! Biti inapita mapigo 200 kwa dakika, mwili unashindwa uanzie wapi. Nikarudia, nikarudia, mara ya nne au ya tano ndo nikakisikia kinanda huko chini, kipande kifupi kinazungushwa, nikasema hiki nakijua, hiki ni kinanda cha taarabu kimekimbizwa. Basi nikakifuata. Nikapita kwenye taarabu ya harusini, ile tuliyokulia nayo, nikarudi nyuma mpaka kwenye kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa cha Zanzibar ambacho kimeanzishwa 1905, fidla, ganuni, udi, nyimbo ndefu hazina haraka yoyote, nikaendelea kuufuata uzi nikamkuta Siti binti Saad, aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Siti nimemsoma shuleni, kila mtu amemsoma shuleni, ila sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia. Mkwaruzo wa santuri unatangulia kama mvua juu ya bati, halafu yeye anatokea, mbali, kama yuko chumba cha pili na mlango umerudishiwa. Kwangu usiku ule huo ndo ulikuwa muziki mpya kabisa, hakuna kilichotoka wiki ile kilichoukaribia.

Kwa hiyo usihesabu upya kwa tarehe, hesabu kwa masikio yako wewe.

Njia isiyokula bando ni watu. Kwenye daladala nyimbo ikinishika narekodi na simu sekunde 10 au 15, na makelele yake yote ya konda na honi, nikishuka namuuliza dereva hii nani, na madereva wanajua muziki jamani, asipojua yeye anajua nani kamuwekea kwenye flashi. Kwaya mazoezini siku za katikati ya wiki, wakiwa wanakosea na kurudia. Redio saa za usiku sana, pale mtangazaji anapoacha kuongea. Na kama unaweza kujikusanya ukavuka maji, tamasha la Sauti za Busara linafanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe, lipo toka 2004, mi nikifika pale naenda kusimama mbele ya yule ambaye jina lake hata kulitamka nashindwa.

Halafu kuna mafundi redio na wauza vitu vya zamani wenye santuri ndogo zile za nyimbo moja kila upande. Nina moja niliinunua bila hata kuwa na kitu cha kuipigia, kwa ajili ya ganda lake tu. Limechapishwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu, na nyekundu imepishana na nyeusi kama milimita 2 hivi kwenda kulia, mashine ilisogea au karatasi ilisogea. Uso wa mwimbaji una kivuli chekundu pembeni, ukiutazama kwa muda unaona kama kichwa kinatikisika. Aliyechapa pengine alisikitika. Mimi hilo kosa nimelitazama kuliko kazi nyingi zilizonyooka, na limenisaidia kwenye swali linalofuata.

Sasa dada, natengenezea wasanii kava huku Nairobi. Kwa laptop iko fiti kabisa, ikishaingia kwa simu hakuna mtu anaweza kuisoma. Nakosea wapi? (Nairobi)

Poa sana ndugu yangu. Wasambazaji wa muziki mtandaoni wanataka picha ya mraba, mara nyingi pikseli 3000 kwa 3000, na sisi tukiona nafasi kubwa hivyo tunaijaza. Lakini msikilizaji anaiona ikiwa kama ukucha wa kidole gumba, kwenye foleni ya nyimbo nyingine, kioo kina ufa na jua linamulika. Ganda la santuri kubwa lilikuwa karibu sentimita 31, mtu anakaa nalo mapajani nyimbo zote zinaisha bado analisoma. Hiyo nafasi hatuna tena.

Mi hili nilifundishwa na kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno. Vitu vitatu tu toka enzi za bibi, na jina linasomeka mwanamke akiwa anatembea, kitambaa kinakunjana, wewe uko ng'ambo ya barabara. Herufi nene, mstari mmoja, hazijapambwa. Kila nikimaliza kava naipunguza mpaka iwe ndogo kama stempu, naiweka simuni, naenda kusimama hatua 3 mbali, najiuliza jina liko wapi, mji uko wapi. Nisipouona mji naanza upya. Na nyie Nairobi mna shule yenu nyingine nzuri, matatu! Ile nganya inakupita kwa spidi, muziki umeshafika kabla yake, na jina lake umelisoma. Jumamosi moja simama stejini uangalie ni zipi unazisoma na zipi zinakupita kama rangi tu, halafu ujiulize aliyechora hizo za kwanza aliacha nini nje.

Kijana mmoja wa singeli alikuja kwangu anataka kava yenye moto, gari, hela zinaruka, na jina lake kwa fonti tatu. Namuelewa, muziki wake unaenda mbio na alitaka macho nayo yakimbie. Nikamuomba aniache na nyimbo yake usiku mmoja. Nikachukua jina lake peke yake, herufi nene za kulala kidogo, nikaliweka jekundu, nikalirudia juu yake milimita chache pembeni, nikalirudia tena, mara tatu, kama lile ganda la santuri lililopishana rangi. Herufi zikaanza kutetemeka. Hamna gari, hamna moto. Alikaa kimya akaizungusha simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema "dada hii inapiga". Nikaipenda hiyo sentensi kuliko hata malipo.

Unaskiliza muziki hata ukiwa unaandika maneno kwenye kazi? Mi nikifanya hivyo nachanganya. (Tanga)

Siskilizi, kwenye maneno nazima. Niliwahi kupanga kijitabu cha ratiba ya mazishi huku nyimbo ya mapenzi inapiga, na mahali pa "mpendwa wetu" vidole vikaandika "mpenzi wangu", kwa sababu ndo neno lililokuwa linaingia masikioni dakika ile. Mwenzangu aliliona asubuhi kabla halijaenda kuchapwa. Nikawaza ile familia imeshika vile vijitabu kaburini. Toka siku hiyo wakati wa kuchora nakuwa na muziki, wakati wa kuandika na kuhakiki nakaa kimya kabisa, na kama nahitaji sauti nafungulia kitu kisicho na maneno au chenye lugha nisiyoielewa hata kidogo.

Shikamoo. Nina miaka 16, sina kompyuta, simu natumia ya mama jioni tu. Naweza kuanza kuwa dizaina? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Unaweza, na uanze wiki hii. Kule Kinshasa kuna kundi linaitwa Konono Nº1, walitaka likembe zao, ala za vyuma za kubonyeza kama ilimba, zisikike kwenye makelele ya mji, maiki hawana, wakatengeneza zao kwa sumaku walizozitoa kwenye magari mabovu. Zilikuwa zinakoroma, na ule mkoromo ndo uliowafanya watu wa nje wawatafute. Wewe una daftari la shule lenye kurasa za nyuma ambazo hazijaandikwa, hizo zinatosha.

Fanya hivi. Uko mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, tafuta mzee mmoja mtaani kwenu aliyekuwa anakwenda kwenye dansi lao, kabla ya 1979 Mbaraka alipofariki, muombe akutajie nyimbo moja ambayo siku hizi haipigwi. Jioni ukipewa simu itafute, iskilize yote, umefumba macho. Halafu chora kava yake, mraba wa sentimita 10 kwa 10 kwa rula, kalamu nyeusi na rangi moja tu yoyote uliyonayo, jina lisomeke ukilibandika ukutani ukarudi nyuma mpaka mlangoni. Mpelekee yule mzee umuonyeshe, usimueleze kitu, msikilize atakachosema. Zikifika 4 mwambie mama azipige picha mchana kwenye mwanga mzuri, uzitume hapa kwa anwani ya gazeti na uandike kila moja ni ya nyimbo gani, maana na mimi nataka kuzisikia.